Charles Augustin Coulomb na Gurudumu Lizungukalo Bure

Wakati wa masika, katika barabara nyingi za udongo za nchi yetu, hutokea jambo ambalo bila shaka wewe nawe umelishuhudia. Lori limesimama kando ya njia ili kushusha magunia. Kazi ikiisha, dereva hutia gia ya kwanza na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Injini hunguruma, magurudumu ya nyuma huzunguka mbio, tope huruka juu na kuwachafua watazamaji; lakini lori lenyewe halisogei hata hatua moja. Kadiri dereva anavyozidi kukanyaga, ndivyo magurudumu yanavyozidi kuchimba shimo.

Kisha huja dereva mwingine, mtu mzima aliyekwisha kuzizoea barabara hizo. Huketi mahali pa yule wa kwanza, akamtuma utingo aweke matawi na kokoto mbele ya matairi, naye akakanyaga mafuta polepole sana. Lori hutetemeka kidogo, likatoka. Ni lori lile lile na injini ile ile. Imekuwaje basi nguvu ndogo ikafanya kazi iliyoishinda nguvu kubwa?

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeuchunguza msingi wa jambo hili kwa subira nyingi. La kustaajabisha ni kwamba mtu huyo hakupata kuona gari hata mara moja katika maisha yake. Alikufa mwaka 1806, wakati ambapo watu wa Ulaya walisafiri kwa farasi na kwa merikebu za matanga.

Mtoto aliyependa hisabati

Charles Augustin Coulomb alizaliwa tarehe 14 Juni 1736 katika mji wa Angoulême, kusini-magharibi ya Ufaransa. Wafaransa hulitamka jina lake bila ya kuisikiza herufi ya mwisho. Mji wa Angoulême uko juu ya kilima kando ya mto Charente. Ukumbuke mto huo, kwa maana tutarudi kwenye maji yake baadaye.

Wazazi wake walihamia Paris alipokuwa bado kijana, naye akasoma huko. Mama yake alitaka awe daktari. Charles hakutaka udaktari. Alichokipenda ni hisabati na elimu ya nyota. Ugomvi wao ukawa mkubwa, hata mama akakataa kumsaidia. Baba naye alikuwa amepoteza mali yake na kuhamia Montpellier, mji ulio upande wa kusini. Kijana akamfuata huko, hana fedha. Lakini katika mji huo kilikuwapo chama cha wanasayansi, na mwaka 1757, alipokuwa na umri wa miaka ishirini, wakampokea awe miongoni mwao.

Elimu haikumpa chakula. Kwa hiyo aliamua kuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1760 aliingia katika shule ya wahandisi wa jeshi iliyokuwa Mézières, akamaliza mwaka 1761. Mhandisi wa jeshi wa siku zile hakuwa mtu wa kupigana tu. Alijenga ngome, madaraja na bandari, akachora ramani, akahesabu gharama za mawe na mbao.

Mwaka 1764 alitumwa Martinique, kisiwa kilicho katika bahari ya Karibi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa koloni la Ufaransa, na Waafrika waliotekwa kwao walifanyishwa kazi huko kama watumwa. Coulomb alipewa kazi ya kujenga ngome kubwa juu ya kilima, iliyoitwa Fort Bourbon. Kazi hiyo ilimchukua miaka minane. Aliugua mara nyingi, na afya yake haikurudi tena kuwa nzuri mpaka alipokufa.

Hata hivyo katika miaka hiyo alijifunza jambo ambalo vitabu havikumfundisha. Aliona kwamba hesabu nyingi zilizoandikwa na mabwana waliokaa mezani hazikupatana na mawe yenyewe. Kitabu kilisema jiwe hili litavutwa na watu kadhaa, lakini watu hao walipovuta, jiwe lilikataa. Aliporejea Ufaransa mwaka 1772 alikuwa mtu mwenye tabia moja ambayo haikumwacha: hakukubali kanuni yoyote kabla ya kuijaribu kwa vitu halisi, vyenye ukubwa halisi.

Shida ya mabaharia

Mwaka 1779 Coulomb alitumwa Rochefort, mji wenye karakana kubwa za kuundia merikebu za kivita. Tazama ramani nawe utaona kwamba Rochefort nayo iko kando ya mto Charente, ule ule wa utoto wake, lakini karibu na bahari.

Katika karakana hizo kulikuwa na shida ya kila siku. Kamba nene zilipita juu ya makapi kuinua milingoti. Nanga zilivutwa. Merikebu iliyokwisha kuundwa ilipaswa kushuliwa, yaani kuteremshwa majini juu ya mbao zilizopakwa mafuta. Ikiwa unakaa pwani, huenda umeona jahazi likishuliwa. Watu huvuta, huimba, huvuta tena, na jahazi halitikisiki. Kisha kwa ghafula husogea. Na likishaanza kusogea, huenda kwa wepesi, pengine kwa wepesi wa kutisha. Asiyejihadhari huweza kupondwa.

Akademia ya Sayansi ya Paris ilikuwa imetangaza tuzo kwa mtu atakayeeleza vizuri msuguano katika mashine zitumiwazo na mabaharia. Hakuna aliyeleta jibu la kuwaridhisha wasomi. Basi tuzo ikaongezwa maradufu na kutangazwa upya kwa mwaka 1781. Coulomb akaamua kujaribu.

Hakuwa wa kwanza kulishughulikia jambo hili. Leonardo da Vinci, aliyekufa mwaka 1519, alikwisha kufanya majaribio ya msuguano, lakini aliyaandika katika madaftari yake ambayo watu hawakuyasoma kwa muda mrefu. Guillaume Amontons, Mfaransa aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, alitoa kanuni za msuguano mwaka 1699. Wengi hawakumsadiki. Tena wote waliotangulia walitumia vitu vidogo vidogo.

Coulomb alitengeneza meza kubwa na imara ya mbao. Juu yake aliweka ubao mzito wa kuteleza, akaupakia mizigo, nyakati nyingine yenye uzito wa mamia ya kilo. Aliufunga kamba, akaipitisha kamba juu ya kapi, na katika mwisho wake akaning'iniza mawe ya uzito. Kisha aliongeza uzito kidogo kidogo mpaka ubao uliposogea. Akarudia. Akabadili mbao: mwaloni juu ya mwaloni, mwaloni juu ya mti mwingine, chuma juu ya mbao, chuma juu ya shaba. Akazipaka mafuta, akazifuta, akarudia. Wakati mwingine aliuacha ubao umetulia kwa nukta chache tu kabla ya kuuvuta. Wakati mwingine kwa dakika, saa, hata siku nzima. Kazi hii haikuwa na fahari yoyote. Fikiri mwenyewe: mtu anakaa katika karakana yenye baridi, akingoja kuona kama ubao uliolala usiku kucha utakuwa mzito zaidi kuvutika asubuhi.

Jaribio la kufanya darasani

Wewe nawe waweza kufanya kama Coulomb. Tafuta tofali moja, kamba nyembamba na kopo tupu. Funga tofali kwa upande mmoja wa kamba. Toboa kopo pembeni karibu na mdomo wake, ulifunge kwa upande wa pili. Weka tofali juu ya meza, kopo lining'inie ukingoni. Sasa mimina mchanga katika kopo, kiganja kimoja kimoja, bila haraka. Mwenzako akinge kopo lisije likaanguka na kumwumiza mtu mguu.

Mwanzoni tofali halisogei. Mchanga unalivuta, lakini kuna kitu kinachozuia. Kitu hicho ni kani ya msuguano, yaani nguvu inayopinga vitu viwili vilivyogusana visiteleze kimoja juu ya kingine. Angalia jambo hili kwa makini: kila unapoongeza mchanga, msuguano nao huongezeka ili kulingana na mvuto, ndiyo maana tofali bado limetulia. Lakini msuguano una kikomo chake. Mchanga ukizidi kikomo hicho hata kwa ukufi mmoja, tofali hufyatuka.

Nalo likifyatuka halitambai. Huzidi kwenda mbio mpaka ukingoni. Kwa nini? Mchanga haukuongezwa tena. Ni msuguano uliopungua. Msuguano wa kitu kilichotulia huweza kuwa mkubwa. Kitu hicho kikishaanza kuteleza, msuguano hushuka. Coulomb alilipima jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote aliyemtangulia, na hilo ndilo jambo linalotuhusu zaidi katika somo hili.

Weka tofali la pili juu ya la kwanza, urudie jaribio. Utahitaji mchanga karibu mara mbili. Kisha ondoa tofali la pili, ulaze lile la kwanza kwa ubavu wake mwembamba. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mchanga utapungua sana kwa kuwa eneo linalogusa meza ni dogo. Pima uone. Kiasi cha mchanga kitakuwa karibu sawa na cha kwanza. Msuguano hutegemea uzito unaokandamiza na aina ya vitu vinavyogusana, wala hautegemei sana ukubwa wa eneo.

Kuhusu kukaa, Coulomb aligundua kwamba mbao kavu zikikaa juu ya mbao, msuguano wa kuanzia huongezeka kwa dakika chache, halafu husimama. Chuma juu ya mbao huchukua muda mrefu zaidi. Chuma juu ya shaba hakijali kukaa: kikikaa sana au kidogo, msuguano ni ule ule. Alidhani kwamba nyuso za mbao zina vinyweleo vidogo vinavyoingiliana kama nywele za brashi mbili zilizokandamizwa pamoja. Kwa mbao hakukosea sana. Siku hizi twajua kuwa mahali vitu vigusanapo chembe zake pia hushikamana kwa kunatana, jambo ambalo yeye hakuwa na vifaa vya kuliona.

Mwaka 1781 Akademia ilimpa tuzo. Mwaka huo huo ikamchagua kuwa mwanachama wake, naye akahamia Paris.

Turudi kwenye lori

Sasa chukua elimu ile ya ubao na kapi, uipeleke kwenye gurudumu. Hapa yafaa uwe mwangalifu, kwa sababu watu wazima wengi hukosea.

Gurudumu linapozunguka na gari likaenda, je, tairi huteleza juu ya barabara? Jibu ni la. Nenda ukatazame njia ya vumbi iliyopitwa na baiskeli. Utaona alama za tairi zimechapwa wazi, kila kijistari mahali pake, kama muhuri uliogongwa karatasini. Kama tairi lingekuwa linateleza, alama hizo zingevurugika. Maana yake ni kwamba ile sehemu ndogo ya tairi inayogusa ardhi, kwa kipindi kile kifupi inapogusa, imetulia. Inalala juu ya ardhi, inasukuma, kisha inainuka na kuiachia nafasi sehemu nyingine. Nyayo zako hufanya hivyo hivyo unapotembea. Mguu unaokanyaga hauendi popote; hukaa pale pale na kuisukuma ardhi kwa nyuma, nayo ardhi hukusukuma wewe mbele.

Kwa hiyo gari huendeshwa na msuguano wa kitu kilichotulia, ule mkubwa. Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huisukuma barabara kwa nyuma, na barabara hulisukuma gari mbele. Pasipo msuguano injini hata iwe na nguvu kiasi gani haina faida.

Lakini umekwisha kuona kwenye meza kwamba msuguano huo una kikomo. Wakati wa kuondoka ndipo kikomo hicho kinapokuwa karibu kuvukwa. Gari lililosimama ni zito kuamsha, ndiyo maana dereva hutumia gia ya kwanza. Gia hiyo hupunguza mbio za magurudumu lakini huzidisha nguvu inayoyazungusha kuliko gia nyingine zote za kwendea mbele. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa na kuachia klachi ghafula, nguvu yote hiyo huja kwa mkupuo. Tairi hutakiwa lisukume kupita kikomo cha msuguano. Basi hufyatuka kama lile tofali.

Na hapa ndipo hasara inapokuwa mara mbili. Tairi likishafyatuka halina tena ule msuguano mkubwa wa kutulia. Limebaki na ule mdogo wa kuteleza. Lililokuwa likishika sasa linasugua tu. Likiwa juu ya lami, hupata joto, hulia, hutoa moshi na kuacha mpira wake barabarani. Likiwa juu ya tope, hukwangua udongo na kujichimbia. Dereva asiyejua, akiona gari haliendi, huongeza mafuta, na kwa kufanya hivyo huzuia lile jambo moja ambalo lingemwokoa, yaani tairi kutulia tena juu ya ardhi. Dawa ni kuondoa mguu. Gurudumu lipunguze mbio, lishike, ndipo lisukumwe pole pole.

Tutumie hesabu kidogo. Tuseme magurudumu ya nyuma ya lori, ambayo ndiyo yanayozungushwa na injini, yamebeba uzito wa kilo 3,000. Juu ya lami kavu, kikomo cha msuguano chaweza kuwa kama sehemu saba za kumi za uzito huo, au zaidi. Basi magurudumu yaweza kusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 2,100. Juu ya tope laini, tuseme kikomo kimeshuka kuwa sehemu mbili za kumi. Sasa ni kilo 600 tu. Injini haikubadilika. Ikitoa msukumo wa kilo 1,000, kwenye lami hakuna linaloharibika, lakini kwenye tope gurudumu litazunguka bure.

Waona pia sababu ya matawi na kokoto. Utingo hakuongeza nguvu ya injini. Ameinua kikomo cha msuguano. Yule dereva mzee naye alifanya kinyume chake: alihakikisha msukumo wake uko chini ya kikomo. Wote wawili wanaelekea mahali pamoja kwa njia mbalimbali. Mara nyingine watu hupanda nyuma ya pikapu tupu iliyokwama, nao hawakosei, maana uzito wao huyakandamiza magurudumu ya nyuma. Tena gari linapoondoka kwa nguvu, wewe uliye ndani huhisi mgongo wako ukiegemea kiti, na mbele ya gari huinuka kidogo. Wakati huo sehemu ya uzito huhamia magurudumu ya nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hii ni faida. Kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele ni hasara, na gari la namna hiyo, likiondoka kwa pupa, huteleza upesi zaidi.

Mifereji iliyokatwa katika tairi ina kazi ya kutoa maji na tope ili mpira uifikie barabara. Tairi lililokwisha mifereji huelea juu ya maji hayo. Juu ya lami kavu laweza kushika vizuri, jambo ambalo huwadanganya wenye magari wengi mpaka siku ya mvua.

Sharti niongeze neno moja ili usije ukadhani kwamba kanuni za Coulomb hujibu kila kitu. Yeye alijaribu mbao, chuma na shaba. Mpira wa magari hakuujua. John Boyd Dunlop alipewa hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888, zaidi ya miaka themanini baada ya kifo cha Coulomb. Mpira una ukaidi wake. Huwa laini, huingia katika vijishimo vya barabara na kunata, kwa hiyo upana wa tairi, joto lake na aina ya mpira huleta tofauti ambazo kanuni za mbao hazizionyeshi. Hata juu ya barabara nzuri tairi hunyumbuka na kuteleza kidogo sana lisukumapo. Lakini lile jambo kubwa, kwamba kuna kikomo na kwamba baada ya kikomo mshiko hupungua, limebaki kama alivyolipima Rochefort.

Miaka yake ya mwisho

Mwaka 1783 serikali ilimtuma Coulomb Brittany kukagua mpango wa mifereji ya maji na bandari. Wakubwa waliupenda mpango huo. Yeye alipima, akahesabu, akaandika kwamba faida yake haitalingana na gharama. Kwa ajili ya maoni hayo alijiletea matata, hata akafungwa gerezani huko Paris kwa muda wa juma moja. Hakubadili hesabu zake.

Baada ya hapo aligeukia umeme na sumaku. Alitengeneza mizani ya ajabu: kijiti chepesi kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba sana, ambao ulisokoteka kwa nguvu ndogo kabisa. Kwa mizani hiyo, tangu mwaka 1785, alionyesha jinsi vitu vyenye chaji za umeme vinavyovutana au kusukumana. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Kazi hii ndiyo iliyolikuza jina lake kupita ile ya msuguano. Mwaka 1881 wataalamu waliokutana Paris walikubali kwamba kipimo cha chaji ya umeme kiitwe kwa jina lake.

Mwaka 1789 yalianza Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 Akademia ya Sayansi ilifungwa, na Coulomb akaondolewa katika kamati iliyokuwa ikitengeneza vipimo vipya, hivi vya mita na kilo unavyovitumia wewe. Lavoisier, mwanasayansi mkubwa aliyekuwa naye katika kamati hiyo, alikatwa kichwa mwaka 1794. Coulomb na rafiki yake Borda walikwenda kukaa shamba karibu na mji wa Blois, mbali na hatari ya Paris. Palipotulia akarudi, na tangu mwaka 1802 alikuwa mkaguzi mkuu wa elimu, akisaidia kuanzisha shule za sekondari za serikali katika Ufaransa yote. Alifariki Paris tarehe 23 Agosti 1806, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ukipata kuona picha ya karibu ya mnara wa Eiffel wa Paris, tazama chini ya roshani yake ya kwanza. Hapo yameandikwa majina sabini na mawili ya wanasayansi na wahandisi, na la Coulomb limo.

Sasa fungua daftari lako. Chora gurudumu la nyuma la gari linaloondoka, uonyeshe kwa mishale ni upande gani tairi linasukuma ardhi na ni upande gani ardhi inalisukuma gari. Chini ya picha yako eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini ungemwambia dereva aliyekwama aondoe mguu kwanza kabla ya kujaribu tena. Halafu siku ya mvua, ukiwa peku kwenye udongo wa mfinyanzi, anza kukimbia kwa ghafula. Kisha jaribu tena kwa kuanza pole pole. Fanya hivyo mahali pasipo mawe.